Mfumo Unaotumika na Mfumo Unaofaa Kutumiwa

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri wa nyaraka za afya hawana budi kuzitazama upya ni ile inayotaja kiasi ambacho mfumo wa kompyuta waweza kutumiwa na mwenye kazi yake bila kumtaabisha. Mfasiri huvutwa upesi na neno utumikaji. Limeundwa kwa kanuni, wala hatulilaumu kwa umbo. Kasoro yake imo katika maana.

Kauli ya kutendeka hubeba maana mbili: jambo kuwapo, na jambo kuwezekana. Tusemapo barabara inapitika, kila mtu aelewa kwamba yawezekana kuipita. Bali tusemapo mfumo unatumika, msikilizaji huelewa kwamba watu wanautumia, basi. Sasa tuchukue mfano wa dodoso linalopelekwa kwa wauguzi wa Tunduma au Vwawa, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, likiuliza: "Je, mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki unatumika?" Muuguzi atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa ameagizwa kuutumia. Apokeaye jibu ataandika kwamba mfumo hauna taabu.

Na taabu yaweza kuwapo. Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vimeendeshwa kwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na watu wakaviita hata vitabu vyake mtuha: kifupisho kikawa nomino kamili bila kamati yoyote kukaa. Kisha ikaja mifumo ya kompyuta, kama vile GoT-HoMIS. Pale viwili hivyo viendapo pamoja, mkunga hujaza Kitabu cha 12 kwa mkono, kisha huyarudia yaleyale katika kompyuta, huku mzazi mwingine akimngoja. Umeme ukikatika, huandika kwenye karatasi apate kuyaingiza baadaye. Mpakani pana jambo la ziada: jina la mgonjwa aliyevuka kutoka Nakonde laweza kuandikwa leo kwa tahajia moja na kesho kwa nyingine, hata mtu mmoja akawa na kumbukumbu mbili, na dawa inayomdhuru ikatajwa katika moja tu.

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichorekebishwa mwaka 2018, hupima dhana hii kwa kulifikia lengo, kwa nguvu na wakati unaotumika, na kwa kuridhika kwa mtumiaji katika mazingira yake hasa. Kwa hiyo hata wepesi wa kutumia hautoshi, maana chombo chepesi chaweza kukosa lengo. Twapendekeza ufaafu wa matumizi kwa vitabu na taarifa za kiofisi.

Lakini dodoso la wauguzi lisiitumie istilahi hiyo hata kidogo. Liulize: "Kumwandikisha mgonjwa mmoja hukuchukua muda gani? Ni yapi unayoyaandika mara mbili? Mtandao ukikatika, hufanyaje?"