Tovuti inapokosea, mtumiaji aambiwe ukweli

MARA nyingi unapobonyeza kiungo au kitufe kwenye tovuti, kivinjari chako hutuma ombi kwa seva. Ombi hilo lazima lijibiwe, hata ikiwa jibu lenyewe ni kwamba kilichotafutwa hakipo.

Jinsi jibu linavyoandaliwa hudhihirika vyema katika Flask, mfumo mwepesi wa kuundia tovuti kwa lugha ya Python. Armin Ronacher aliutoa mwaka wa 2010, baada ya wazo lake kuanza kama mzaha wa Siku ya Wajinga.

Chukua mfano wa tovuti ya shule. Mzazi akiomba ukurasa wa karo, Flask hulinganisha anwani hiyo na orodha ya njia zilizoandikwa na mtayarishaji. Kila njia ina kipande cha programu kinachoishughulikia. Kipande hicho husoma salio la mwanafunzi, kisha hulikabidhi kwa kiolezo, yaani ukurasa ulioachwa nafasi wazi za kujazwa, mithili ya fomu ya ofisini.

Je, mambo yakienda kombo? Jibu huandamana na nambari. Anwani isipopatikana, nambari ni 404. Programu yenyewe ikikwama, ni 500. Mambo yakiwa shwari, ni 200.

Flask huwa na kurasa zake fupi za hitilafu, zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mtayarishaji anaweza kuweka zake kwa Kiswahili fasaha, zikimweleza mzazi kilichotokea na hatua ya kuchukua.

Hapo ndipo penye mtego. Akitunga ukurasa wa kuomba radhi na kusahau kuuambatanisha na nambari ya kosa, Flask huutuma kwa nambari 200. Mzazi ataona pole, lakini mashine zitaamini kwamba kazi imefanyika.

Hasara yake si ndogo. Mifumo mingi ya malipo huarifu tovuti kwamba pesa zimelipwa, na hurudia taarifa hiyo iwapo haikupokelewa vyema. Ikijibiwa 200 ilhali salio halikuandikwa, haitarudia. Mzazi amelipa, lakini daftari la shule lasema anadaiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kosa jingine ni kuacha wazi hali ya ukaguzi, inayomsaidia mtayarishaji kutafuta hitilafu anapoijenga tovuti. Hali hiyo huonyesha mistari ya programu kwenye kivinjari, na inaweza kumpa mgeni mwanya wa kuendesha amri ndani ya seva. Yafaa izimwe kabla ya tovuti kufunguliwa kwa umma, na maelezo ya hitilafu yahifadhiwe katika kumbukumbu za seva.

Kwa hivyo, kosa moja lina wasikilizaji watatu: mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, mashine ipewe nambari sahihi, naye mtaalamu aachiwe maelezo kamili.