Kuosha mboga hakutoshi kama dawa imeingia ndani ya mmea

Mzazi, bila shaka unaosha mchicha, nyanya na kabichi kwa maji mengi kabla ya kupika. Endelea hivyo hivyo. Maji safi hupunguza udongo, vijidudu vya maradhi na mabaki ya dawa yaliyo juu ya jani. Lakini zipo dawa za kuua wadudu ambazo haziishii juu. Huingia ndani ya mmea, na hizo huwezi kuzitoa kwa kuosha wala kwa kumenya.

Zinavyofanya kazi

Dawa hizi hufyonzwa na mizizi au majani, kisha husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yake. Vidukari au inzi weupe wakifyonza utomvu, hunywa sumu na kufa. Mkulima huzipenda kwa sababu humfikia hata mdudu aliyejificha chini ya jani. Nyingine hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupandwa.

Kwa kuwa sumu iko ndani, kinga kubwa ya mlaji ni muda. Kila lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, ili mmea upate nafasi ya kuivunja dawa. Mkulima akipuliza leo na kuvuna kesho, au akitumia dawa ya pamba kwenye mboga, mzigo huo unaishia kwenye sahani ya mtoto wako.

Hili lilishatokea. Mwaka 1985, katika jimbo la California, Marekani, zaidi ya watu 1,000 waliripotiwa kuugua baada ya kula matikiti maji yenye aldikabu, dawa ya aina hii ambayo haikuruhusiwa kwenye zao hilo. Hakuna aliyeweza kuiosha, kwa maana ilikuwa ndani ya tunda.

Hatari iliyo nyumbani

Usiache kula mboga kwa hofu. Faida yake kwa mwili ni kubwa, na anayekaribia sumu zaidi ni yule anayeichanganya, anayeipuliza na wanaoishi naye. Kama mnalima, zingatieni haya:

- Msihamishie dawa kwenye chupa ya soda au maji. Ifungieni mbali na chakula na watoto.
- Chombo cha dawa kisitumike tena, hata kikioshwa. Mwaka 2013, watoto 23 walikufa katika jimbo la Bihar, India, baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyochanganyika na monokrotofosi, dawa nyingine ya shambani inayopenya kwenye mmea.
- Mbegu yenye rangi ya waridi, nyekundu au bluu imepakwa dawa. Ikibaki, msiisage wala kuwapa kuku, na mtoto asiichezee. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kupanda.
- Tazameni rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Kijani nacho si ruhusa ya kuzembea.
- Mjamzito na mtoto wasipulize dawa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Dalili

Baadhi ya dawa hizi huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Mgonjwa hutokwa na mate, jasho na machozi kwa wingi, hutapika, huharisha, huona ukungu, misuli hutetemeka na mboni za macho husinyaa. Akizidiwa, hupumua kwa shida au kupata degedege.

Sumu ikiwa kidogo, huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambavyo ni rahisi kudhani ni malaria. Kwa hiyo ukienda kituo cha afya, usisubiri kuulizwa. Mwambie daktari kwamba jana ulikuwa unapuliza dawa shambani, au kwamba mtoto alikuwa karibu.

Ufanye nini?

Mtoe mgonjwa eneo lenye dawa. Kwanza jikinge mikono yako kwa glovu au mfuko wa plastiki, kisha mvue nguo zilizolowa na umwoshe mwili kwa maji mengi na sabuni. Kama dawa imeingia machoni, yasafishe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yanakata sumu. Mwahishe hospitali ukiwa na chombo au lebo ya dawa, kwa sababu tiba hutegemea aina ya sumu. Kwa baadhi ya sumu hizi, daktari hutumia sindano ya atropini, na kila dakika mnayochelewa njiani inahesabika.

Na ukiwa sokoni, muulize muuzaji unayemzoea mboga zake zinatoka shamba gani na zilipulizwa lini. Wateja wengi wakiuliza, mkulima naye atajifunza kuhesabu siku kabla ya kuvuna.