Si Kila Kutetemeka ni Parkinson

Juzi hapa Braamfontein nilipata simu kutoka Moshi: shangazi anakokota miguu, mwili umekakamaa, mkono unatetemeka. Jirani kasema karogwa. Baba mdogo kasema ni Parkinson, basi tena. Mimi nikauliza: si alipasuliwa rovu miaka ile?

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo vinavyosawazisha kalisiamu katika damu. Vikiumia wakati wa upasuaji, kalisiamu hushuka. Kwanza huja ganzi midomoni na vidoleni, na misuli kukaza. Miaka ikipita bila tiba, kalisiamu huweza kuganda ndani ya ubongo, pale panaporatibu mwendo, na mtu akafanana kabisa na mgonjwa wa Parkinson.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Tiba ni kalisiamu na vitamini D, na wengine hupata nafuu. Hata Parkinson yenyewe ina dawa, levodopa, ya kupunguza dalili. Lakini utafiti wa wilaya ya Hai, uliochapishwa 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani, ndugu yangu, salamu pekee hazitoshi. Ulizia na kovu la shingoni. Shangazi anakwenda kupima Jumatatu.