Fahamu: Vita ya 1916 ilipopita Same, askari walipumzika wapi?

Ufaransa na Ubelgiji, askari wa Vita Kuu ya Kwanza walitoka kwenye mahandaki kwa zamu, wakapumzika vijijini nyuma ya mstari wa mbele. Lakini Upareni, ilipo Same, vita haikukaa mahali pamoja. Baada ya mapigano ya Kahe, Machi 1916, ni mvua za masika zilizolituliza jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts. Mei likateremka kufuata reli ya Tanga na mto Pangani, likapita Same. Wajerumani wakarudi nyuma wakivunja madaraja. Askari wao Waafrika walisafiri na wake na watoto, hivyo kambi ndiyo iliyokuwa kijiji chao. Wapagazi hata hilo hawakulipata. Na chakula? Kilitoka kwa wakulima, mara nyingi kwa nguvu.