Tusizinyime tarakilishi zetu pumzi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa miaka mingi nimeitumia methali hii darasani kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi kiambishi kidogo kama “ki” kinavyoweza kusimama peke yake na kufanya kazi ya kitenzi. Sikutarajia kwamba ingenijia siku moja nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, bisibisi mkononi, nikichungulia tumbo la tarakilishi.

Mkasa wenyewe ulianza hivi. Katika tarakilishi yangu ya mezani nilikuwa nimehifadhi mazungumzo ya wazee niliowarekodi kule Vanga na Wasini, wasemao Kivumba. Baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, na sauti zao zilizosalia ni hizo. Kazi yangu ilikuwa kuyaandika mazungumzo hayo neno kwa neno kabla ya muhula kwisha. Mwezi wa Machi ulipoingia na joto la Mombasa kufikia kilele chake, mtambo ukaanza vituko. Asubuhi ulifanya kazi vyema. Alasiri ulizubaa, kisha ukazimika ghafla bila ya kubisha hodi, na kurasa nilizokuwa sijazihifadhi zikapotea.

Nilimwita fundi mmoja akaniambia ni virusi. Nikalipa. Nilimwita wa pili akaniambia kisanduku cha kugawa umeme kimechoka. Nikalipa tena. Mtambo uliendelea kuzimika. Hatimaye mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hujilipia karo kwa kutengeneza mitambo ya watu, alifika nyumbani na kufanya jambo ambalo sisi wote hatukulifanya: aliweka kiganja chake nyuma ya kasha. “Mwalimu,” akasema, “huu upepo unaingia, hautoki.”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miezi michache kabla, feni ya nyuma ilikuwa ikipiga kelele, nami nikamlipa fundi aibadilishe. Alitia mpya, lakini aliifunga kinyume. Feni iliyopaswa kutoa joto nje ilikuwa ikivuta hewa ya nyuma ya meza, pamoja na vumbi lake, na kuisukuma ndani. Vumbi hilo lilikuwa limejazana katika kipoza joto cha kichakataji mfano wa sufi ndani ya mto. Adui alikuwa ki nguoni.

Yamkini msomaji atauliza, kwani feni moja ina uzito gani? Tuanze na jambo la msingi. Karibu umeme wote unaoingia katika tarakilishi huishia kuwa joto. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka, kichakataji hufikia nyuzi 90 hata 100. Kwanza hujipunguzia kasi ili kujinusuru, na likizidi mtambo huzimika. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa hewa moto ili hewa ya chumbani ishike nafasi yake, na kwa hiyo ndani ya kasha hapawezi kuwa baridi kuliko chumbani. Katika nchi ya baridi mtu anaweza kukosea na asijue. Pwani yetu, ambako chumba chenyewe chaweza kuwa na nyuzi 32, kosa hilo halina pa kujificha.

Kwa nini nyuma? Kwa sababu katika makasha mengi kichakataji kimekaa sehemu ya juu, karibu na ukuta wa nyuma, na hewa moto nayo hupenda kupanda. Aliyejenga nyumba ya pwani huelewa jambo hili bila ya kufundishwa. Dirisha moja halileti upepo. Lazima pawepo na la pili upande wa pili ili upepo upite. Hewa iingie kwa mbele, ipite juu ya vipande vyenye moto, itoke kwa nyuma.

Naam, kazi yenyewe haimshindi mtu makini. Kwanza, pima. Feni za makasha hutambulishwa kwa upana wa fremu: milimita 80, 92, 120 au 140. Ile ya 120 ndiyo ya kawaida siku hizi, na mashimo yake ya parafujo yameachana kwa milimita 105; ya 80 yameachana kwa milimita 71.5. Asiyepima hununua mara mbili.

Pili, uzime mtambo, uchomoe waya ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yaishe. Uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine ndani, kwani umeme tuli wa mwili wako unaweza kuharibu vipande vyororo. Kisanduku cha kugawa umeme usikifungue kamwe; ndani yake mna umeme unaoweza kudumu hata baada ya waya kuchomolewa.

Tatu, na hapa ndipo fundi wangu alipoteleza, ni mwelekeo. Mtu mwenye pupa ataiona feni sawa pande zote. Ukiichunguza, utaona upande mmoja u wazi, mapanga yake yakionekana yote. Upande wa pili una mikono ya plastiki inayoshikilia mota, na aghalabu huko ndiko kuliko na kibandiko chenye maandishi. Upepo huingia kwa upande wa wazi na kutokea upande wa mikono. Kwa hivyo, feni ya nyuma ifungwe mikono yake ikielekea nje. Baadhi ya watengenezaji huchora mishale miwili ubavuni, mmoja wa mzunguko wa mapanga, wa pili wa njia ya upepo.

Nne, parafujo. Zile nne zinazokuja na feni ni pana, na hujichongea njia zenyewe ndani ya plastiki. Zikaze kwa kupishana, pembe hii kisha ile ya mkabala, wala usizidishe nguvu fremu ikapasuka. Plagi yake huwa na matundu matatu au manne: waya wa kurudisha umeme, wa volti 12, wa kutoa habari za kasi, na, kwa zenye wa nne, wa kupokea amri ya kasi. Kwenye ubao mkuu utaona soketi zilizoandikwa herufi ndogo. Iliyoandikwa CPU_FAN ni ya kichakataji, uiache. Tafuta SYS_FAN au CHA_FAN.

Mwisho, washa mtambo na ushike kipande cha karatasi nyepesi nyuma ya kasha. Kikipeperushwa mbali na kasha, umefaulu. Kikivutwa na kung'ang'ania matundu, rudi kwenye hatua ya tatu. Kisha usilisukume kasha likagandamana na ukuta, maana hewa inayotoka nayo yataka pa kwenda.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya bure, mtu aondoe tu kifuniko cha ubavuni na joto litoke lenyewe. Nimewahi kufanya hivyo. Kasha lililo wazi halina njia maalumu ya upepo, na badala yake hukaribisha vumbi, mende na mjusi kafiri, ambaye huupenda ujoto wa ubao mkuu kama paka apendavyo jiko. Wengine watasema tununue viyoyozi. Mwenye uwezo na afanye hivyo. Bei ya feni haifikii hata sehemu ya kumi ya bei ya tarakilishi yenyewe.

Lakini linalonikera zaidi si fundi yule. Katika kisanduku cha feni mpya niliyoinunua mlikuwa na kijikaratasi cha maelezo kwa lugha kadhaa za Ulaya na Asia. Kiswahili hakikuwamo. Fundi wetu, mwenye mikono hodari kuliko yangu, aliifunga feni kwa kukisia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikia, kwa lugha anayoiota usiku, upepo huingia wapi na kutokea wapi.

Nasi wanalugha tulikuwa wapi? Nakiri kosa langu. Nimekaa katika makongamano tukibishana iwapo chombo hiki kiitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Tumeulizana iwapo feni iitwe panka kama wasemavyo wazee wa pwani, au pangaboi kama wasemavyo baadhi ya wenzetu wa Tanzania. Mijadala hiyo ina manufaa yake. Ila istilahi bila ya maelezo ni sawa na parafujo bila ya feni: imekaa mfukoni, haikazi kitu. Mafundi wa vibandani wameshachagua maneno yao, na kazi iliyobaki ni kuwaandikia.

Wala hili si jambo la mtu mmoja na wazee wake wa Vanga. Shule zetu nyingi hutegemea mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo. Hufika na feni zilizochoka, ikawekwa katika chumba kilichofungwa madirisha kwa kuhofia wezi, na kufunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa ili ipendeze. Ikizimika, husemwa kuwa wanafunzi wameiharibu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili uliobandikwa ukutani ungaliweza kuirefushia maisha. Walimu wa lugha na walimu wa tarakilishi wakikaa pamoja alasiri moja, ukurasa huo utakuwa umeandikwa.

Mwanafunzi wangu aligeuza feni kwa dakika ishirini, akasafisha vumbi, akakataa malipo. Siku hiyo niliandika hadi magharibi bila ya mtambo kuzimika, na sauti ya mzee wa Wasini ikafika mwisho wa hadithi yake. Sisi Waswahili twatumia kitenzi kimoja, kupoa, kwa chai iliyoacha kuunguza na kwa kidonda kilichofunga. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa: sasa kila jioni, kabla ya kuanza kazi, huweka kiganja changu nyuma ya kasha. Nawe msomaji, fanya vivyo hivyo leo. Kama upepo unaingia, unajua la kufanya.