Nia Wanayo, Njia Je?

Mimi nafundisha hisabati hapa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, na tarakimu zinazodai kupima moyo wa mtu siziamini haraka. Kwa hiyo nilipoombwa kuwagawia wanafunzi wa kidato cha sita dodoso la matumaini, nilianza kwa kulichambua mwenyewe.

Lilitungwa na Charles Snyder, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, akalichapisha na wenzake mwaka 1991. Lina kauli 12. Nne zinapima nia, yaani ari ya kulifuata lengo. Nne zinapima njia, yaani uwezo wa kubuni mlango mwingine ukikuta mmoja umefungwa. Nne zilizobaki ni za kuzugia tu, hazina alama. Kwa Snyder, hamu peke yake haijawa matumaini. Hapo tulielewana.

Kila moja ya zile nane za nia na njia hupewa alama 1 hadi 8, hivyo jumla haizidi 64. Sasa piga hesabu: mmoja apate 32 za nia na 12 za njia, mwenzake apate 22 na 22. Wote wana 44. Ripoti itasema wako sawa, na huo ni uongo uliojumlishwa vizuri.

Darasani, binti mmoja ambaye mama yake huuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni alijaza kauli za nia chapuchapu. Anataka uuguzi. Alipofika kwenye njia akainua kalamu: "Mwalimu, hapa wanauliza njia zangu au za mama?" Mama huyo hutegemea mitumbwi inayovua ziwani usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hupungua. Ziwa likifungwa ili wazaliane, karo nayo husubiri. Nilimwambia ajaze zake, ila swali lake lilikuwa bora kuliko dodoso.

Mashariki mwa Rwanda, kundi la mtafiti Theresa Betancourt lilianzia upande wa pili. Kabla ya kutunga kipimo, liliziuliza familia zinazoishi na virusi vya UKIMWI ni nini kinachomwezesha mtoto kusimama. Katika majibu yaliyochapishwa 2011 mlikuwa na kwihangana (uvumilivu) na kwigirira icyizere (kujiamini), lakini pia malezi mema na msaada wa jamii. Sehemu ya matumaini ya mtoto, basi, imo mikononi mwa wengine.

Tahadhari hiyo haihusu matumaini tu. Maana ya maisha nayo ina dodoso lake, la mwanasaikolojia Michael Steger na wenzake, la 2006: kauli 10, tano za kuwa nayo, tano za kuitafuta. Marekani, anayeitafuta sana huelekea kuonekana anayo kidogo. Japani, utafiti wa 2008 ulikuta mambo hayo mawili yakiandamana. Kijana wa Rusizi anayetafuta asihesabiwe mgonjwa kwa kipimo cha kwingine.

Wakuu wa shule, mkiletewa dodoso la Snyder msipokee jumla peke yake. Daini alama za njia zitengwe, zipelekeni kwenye kikao cha wazazi, na mjadili karo kabla ziwa halijafungwa tena.