Safari ya mkutanoni: Viza nayo ina soko lake

Bei ya kahawa hupanda na kushuka mnadani, lakini kuna bidhaa moja anayoihitaji muuza kahawa ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipanda tu. Bidhaa hiyo ni viza ya kwenda kwenye mikutano na maonesho ya biashara barani Ulaya.

Ada ya viza ya muda mfupi ya Schengen, ambayo ndiyo hutumika katika nchi nyingi za Ulaya, ilikuwa Euro 60 hadi mwanzoni mwa Februari 2020. Ikapanda kuwa Euro 80, na tangu tarehe 11 Juni 2024 ni Euro 90 kwa mtu mzima. Hilo ni ongezeko la asilimia 50 kwa muda wa miaka minne na ushei. Tena, tofauti na kahawa, mnunuzi hulipa kabla hajajua kama atapewa mzigo. Akinyimwa, ada hairudi.

Wanaoumia zaidi si makampuni makubwa. Hayo yana maofisa wenye pasi zilizojaa mihuri. Anayeumia ni mtu kama katibu wa chama cha msingi cha wakulima huko Rombo, ambaye amealikwa kwa mara ya kwanza kukutana ana kwa ana na wanunuzi wa kahawa maalumu. Sampuli zake hufungwa vizuri, hupewa makaratasi ya afya ya mimea na kupelekwa kwa ndege, nazo hufika. Mara nyingine mwenye sampuli hafiki. Kahawa huonjwa na kusifiwa, na bei hujadiliwa na mtu wa kati aliyekuwapo mezani. Hapo ndipo hasara halisi ilipo, wala haionekani katika hesabu za chama mwisho wa mwaka.

Gharama zenyewe haziishii kwenye Euro 90. Pale ambapo ubalozi umekabidhi kazi ya kupokea maombi kwa wakala, kuna ada ya huduma, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza. Kuna bima ya safari yenye kinga isiyopungua Euro 30,000. Kuna nauli ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500 kutoka Moshi, kwa sababu anayeomba kwa mara ya kwanza lazima aende mwenyewe akachukuliwe alama za vidole vyote kumi. Ongeza malazi ya siku mbili tatu, maana karatasi moja ikikosekana hurudishwa. Alama hizo, kwa bahati nzuri, huweza kutumika tena kwa miezi 59.

Jambo linalowapotosha wengi ni kalenda. Sheria za Schengen zinaruhusu kupeleka maombi hadi miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 15, lakini ubalozi ukiona haja ya kuchunguza zaidi huweza kufika siku 45. Mwenye mkutano mwishoni mwa Juni akipeleka maombi mwanzoni mwa Juni amecheza bahati nasibu. Hata hivyo lawama si zake peke yake. Waandaaji wengi hawatoi barua ya mwaliko mpaka mshiriki alipe kiingilio, na viingilio huanza kukusanywa wakati muda umekwisha kuyoyoma.

Kwa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro kalenda ina mtego mwingine. Mavuno huanza Julai na kwenda hadi Desemba. Fedha za mnada zikishaingia hugawanywa kwa wakulima, na ifikapo Aprili au Mei akaunti imekauka. Huo ndio wakati watu wengi wanapochapisha taarifa ya benki kwa ajili ya safari ya Juni. Ofisa anayeisoma haoni msimu; anaona mtu asiye na fedha. Wengine hujaribu kuziba pengo kwa kuazima milioni kadhaa kwa ndugu na kuziweka benki wiki moja kabla. Huo ni ushauri mbaya unaotolewa sana vijiweni. Fedha iliyoingia juzi bila maelezo huzua maswali kuliko akaunti ndogo inayopumua kila mwezi. Kama chama au mnunuzi ndiye analipia safari, ni heri barua iseme hivyo waziwazi, ikitaja nauli, malazi na posho, na kuambatanishwa na taarifa ya benki ya anayelipa.

Kosa lingine ni la ubalozi. Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari. Mkutano ukiwa Geneva, anayepeleka maombi kwa nchi nyingine kwa sababu tu ameambiwa huko ni rahisi, amejitengenezea sababu ya kukataliwa. Na tiketi isilipiwe kabla ya viza kutoka. Oda ya nafasi inatosha.

Anayenyimwa hupewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Inayowaudhi wengi ni ile ya kutilia shaka nia ya mwombaji kurudi kwao. Mtu mwenye shamba, mke na watoto wanne anaambiwa hakuna uhakika kwamba atarudi! Sheria inampa haki ya kukata rufaa, ila rufaa hufuata taratibu za nchi iliyomnyima, na mkutano haumsubiri.

Shida hii haiko kwa wakulima tu. Katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Montreal, Canada, mwaka 2022, wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au hawakujibiwa kwa wakati. Winnie Byanyima, Mganda anayeongoza UNAIDS, alieleza kuwa hata yeye nusura azuiwe kupanda ndege Geneva. Wataalamu wa akili bandia walipokumbana na kizuizi hicho hicho Canada mwaka 2018 na 2019, kilio chao kilisikika: mkutano wao mmoja mkubwa, ICLR, ulipangiwa Addis Ababa mwaka 2020. Korona ikauhamishia kwenye intaneti, na hatimaye ukaja Afrika mwaka 2023, Kigali, katika nchi ambayo tangu 2018 hutoa viza mpakani kwa wageni wa mataifa yote.

Kahawa nayo imeanza kusogea. Mkutano wa nchi za Afrika zinazozalisha kahawa, G25, ulifanyika Dar es Salaam Februari 2025, baada ya Nairobi na Kampala. Lakini sehemu kubwa ya wanunuzi bado iko Ulaya.

Kwa wanaokwenda, safari ya kwanza ndiyo ghali. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili huweza kupewa ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mzima, kisha ya miaka miwili, kisha mitano. Kwa katibu wa Rombo anayelenga maonesho ya Juni, dirisha hufunguka Desemba, fedha za msimu zikiwa bado zinaonekana kwenye akaunti.